Majina ya Khitma Yetu

Nyumbani kwetu Kisauni wafu waliitwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Shaabani, siku chache kabla ya kufunga. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja baada ya alasiri na wanafunzi wake, juzuu zikagawanywa, na Kurani nzima ikasomwa juu ya mikeka yetu hadi ikaisha. Kabla ya dua, Baba alimkabidhi mwalimu orodha ya majina, naye akayasoma moja moja ili thawabu za kisomo zimfikie kila mmoja alikolala. Fulani bin fulani bin fulani. Mimi na Mama tulikuwa nyuma ya pazia na mkate wa sinia na kahawa, tukisikiliza. Nilipokuwa mdogo nilidhani wale watu huitika, ila kwa sauti ndogo.

Majina yenyewe siyaandiki humu. Yaliyotupata yametupata kwa sababu ya kuandika, na hata daftari hili nalificha chini ya godoro.

Orodha iliandikwa na Babu, mzazi wa Baba, kwa herufi za Kiarabu. Alikufa mimi nikiwa sijaanza chuo, akazikwa pale pale kwenye shamba tulilokaa, kwenye makaburi ya nyuma ya minazi, na Bibi akaiweka orodha ndani ya bweta lake la mbao. Mwaka mmoja kabla ya uhuru bweta likaingiwa na mchwa. Bibi akaniita.

"Abee, Bibi."

"Ndoo hapa. Wewe ndiwe tunayekusomesha. Nakili hii kabla haijawa unga."

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya wasichana kule kisiwani, na kila asubuhi nilivuka daraja la Nyali kwa miguu, buibui mkononi hadi nifike mahali pa watu. Nilikuwa na haya. Sisemi zile haya wanazosifiwa wasichana. Zangu zilikuwa ugonjwa. Mwalimu akiniuliza swali nalijua jibu, lakini nabaki kutazama kiatu changu mpaka aulizwe mwingine. Mwandiko tu ndio nilioweza. Baba alikuwa mpimaji wa mbata, nazi zilizokaushwa, kwenye ghala la mnunuzi mmoja. Mizani aliijua, kalamu haikumjua. Tangu nilipokuwa darasa la sita barua zake zote niliziandika mimi. Aliketi karibu nami akasema, nikaandika, na nikimaliza aliinyanyua karatasi kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua kitambaa dukani. "Hebu tazama," humwambia Mama. "Kama chapa." Sifa hiyo ilinitosha wiki nzima.

Basi nikanakili. Juu kabisa yalikuwa majina ya bwana wa zamani wa shamba, baba yake na babu yake, mpaka majina ambayo nilijua yametoka ng'ambo. Shamba lile, minazi na miembe kutoka njia kuu mpaka kwenye kijito, yeye ndiye aliyeliandika wakfu kabla hajafa. Haliuzwi, na kukaa humo ni haki ya kizazi chake mpaka siku ya mwisho. Chini yake likaja jina la Babu, bin bwana yule. Maana ndivyo ilivyokuwa inajulikana: mama wa Babu alikuwa suria, yaani mjakazi aliyewekwa na bwana wake kama mke, akamzalia. Nyumba zilizokuwa shambani zilikuwa kama ishirini. Tatu, yetu ikiwamo, zilikuwa za kizazi. Zilizobaki zilikuwa za wakaaji, watu waliokaa kwa ridhaa tu, wengi wao wajukuu wa watumwa wa bwana. Nisiwe mnafiki: tulijiona. Mama alinikataza kucheza ukuti na watoto wa wakaaji, na kwenye bomba la maji wao walitupisha tukateka kwanza. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mtu hajiulizi kwa nini anapishwa.

Mwisho wa orodha, peke yake, kwa wino tofauti, lilikuwa jina la mama wa Babu. Halikuwa na binti fulani. Lilikuwa jina moja tu, tena la kitu, kama jina ambalo mtu angempa kuku au mashua.

"Baba yake nani huyu?" nikamuuliza Bibi.

"Hajulikani. Aliletwa mdogo."

"Kutoka wapi?"

"Bara." Akaanza kukata tambuu. Nikasubiri. "Nilimkuta mzee sana, mimi bibi arusi. Alikuwa akisinzia anasema maneno ambayo hakuna aliyeyajua humu. Akiamka, ukimuuliza, asema hajasema kitu."

Hayo ndiyo yote ninayoyajua juu yake mpaka leo, na sitajua mengine.

Katika bweta, chini ya orodha, palikuwa na karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne. Nilipoigusa Bibi alinishika mkono. Akasema ile haisomwi. Haikuwa na ukali sauti yake, alisema kama mtu anavyosema jiko lina moto. Lakini siku nyingine alipokwenda mazikoni niliifungua. Ilikuwa na muhuri wa bwana mwenyewe, mweusi, bado waonekana vizuri. Ilisema kwamba kwa ajili ya kutafuta radhi za Mungu amemwacha huru mjakazi wake fulani, pamoja na mwanawe fulani, na kwamba kuanzia siku ile hakuna mwenye njia juu yao. Fulani wa kwanza ni yule mama. Fulani wa pili ni Babu.

Nilifurahi, wallahi. Nilidhani naelewa kwa nini Bibi aliificha: aliona aibu ya utumwa, aibu za watu wa zamani. Mimi shuleni nilikuwa nimefundishwa vingine. Mwalimu wetu wa historia, mama wa Kizungu mwenye sauti ndogo kama yangu, alikuwa akitwambia kila wiki kwamba neno lisilo na ushahidi ni porojo. Na huu hapa ushahidi: bwana, mama na mtoto, watatu ndani ya karatasi moja, na muhuri chini.

Miezi ile maneno yalikuwa mengi. Watu walikuwa wakibishana kama Mwambao utabaki wa Sultani au utaungana na bara, na wenye mashamba wote walishikwa na hofu kwamba bendera ikibadilika, ardhi isiyokuwa na maandishi itakwenda. Msimamizi wa wakfu wetu alikuwa mtoto wa mwisho wa bwana, mzee aliyekaa Mji wa Kale. Baba alimwita Ami, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa ndugu wa baba, naye sikukuu zote mbili alituletea nyama. Ami akapeleka neno kwa nyumba zote tatu: kila mmoja alete nasaba yake kwa maandishi, iingie kwenye daftari jipya la wakfu. Aliyeandikwa atakaa, yeye na wanawe. Asiyeandikwa hatakuwa na la kusema, maana wapwa zake Ami walikuwa wamekwishazungumza na watu wa machimbo ya mawe, waliokuwa wakitoka Mwakirunge na Utange wakitafuta mahali papya pa kuchimba, na shauri lilikuwa kuwapa sehemu ya wakaaji.

Kwetu jambo hilo lilikuwa na uzito mmoja zaidi. Bibi alikuwa amejichagulia mahali. Ubavuni mwa kaburi la Babu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, ameizungushia mawe meupe kwa mkono wake, na kila Ijumaa alipokwenda kumsomea Babu alifagia na pale pake.

Baba aliniletea karatasi kubwa kutoka ghalani. Nikachora nasaba kama mti, kwa herufi za Kiarabu upande mmoja na za Kizungu upande wa pili, bila doa hata moja. Baba aliinyanyua dirishani. Hakusema kama chapa. Alisema, "Hii Ami ataitia fremu." Nami, usiku wa kuamkia siku ya kwenda, nikaichukua ile karatasi ya muhuri bwetani, nikaitia katika bahasha pamoja na mti. Sikumwambia Baba. Sikumwambia mtu. Nilitaka ushahidi uzungumze, nisizungumze mimi.

Tulivuka kisiwani baada ya alasiri. Kwa desturi mimi ningeitwa ndani kwa wanawake, lakini Baba aliomba nikae pembeni ya baraza nimweleze Ami kama hatasoma vizuri, macho yake yalikuwa na ukungu. Pamoja na Ami alikuwapo mpwa wake, mwanamume wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni mwa kanzu, aliyekuwa akiandika daftari lenyewe. Tulipewa kahawa. Ami aliuliza hali ya Bibi, magoti yake, kuku wake, na Baba alijibu moja moja. Kisha mti ukatandazwa juu ya meza ndogo.

"Mashallah," akasema yule mpwa. "Nani kaandika?"

"Binti yangu huyu," akasema Baba, na sauti yake ilijaa.

Ami alifuata mistari kwa kidole, akitikisa kichwa. Akaingiza mkono ndani ya bahasha aone kama kuna kingine, akaitoa ile karatasi. Aliileta karibu sana na jicho lake la kushoto. Nikamwona anasoma. Nikamwona amemaliza kusoma, na bado karatasi iko pale usoni, haishuki. Halafu akaikunja taratibu, mara nne, kama ilivyokuwa, akamnyoshea Baba.

"Hii irudishe nyumbani, mwanangu. Si lazima."

Baba akanyosha mkono aipokee. Hapo ndipo mimi nilipozungumza. Mimi ambaye sijawahi kujibu swali darasani, ambaye wageni wakija najificha jikoni. Niliona ushahidi wangu unarudishwa kwa sababu ya uoni mbaya wa mzee.

"Lakini ina muhuri wa bwana mwenyewe, Ami. Ya kuwaacha huru, Babu na mamake."

Yule mpwa akaweka kalamu chini, akamwomba mzee ruhusa kwa adabu zote, akaitwaa karatasi. Aliisoma mara moja. Akanitazama mimi, si Baba, na uso wake haukuwa na ubaya. Alikuwa kama mtu aliyeokota kitu njiani asichokitafuta.

"Na mtoto pia kaachwa huru," akasema. "Imeandikwa."

Ami alikuwa ametazama sakafu. Baba aligeuka huku na huku, akitafuta anayeweza kumweleza. Mwishowe ni Ami aliyemweleza, polepole, maana aliona ni heri aambiwe na yeye.

"Mtoto wa bwana haachwi huru, mwanangu. Huzaliwa huru. Suria akimzalia bwana wake, yule mtoto ni mwana kama wana wengine, hana cha kuachiwa. Aliyeachwa huru ni aliyezaliwa mtumwa. Na aliyezaliwa mtumwa baba yake ni mwingine."

Sheria hiyo kila mtu wa Mombasa aliyekaa chuoni aijua. Hata mimi niliisoma. Niliisoma kama watu wanavyosoma masharti ya kuhiji, mambo ya watu wengine.

Baba akauliza kitu kimoja tu: kama Ami alikuwa akijua. Ami akasema alikuwa mtoto mchanga wakati ule. Babu alimkuta tayari ni mkubwa, ndiye aliyembeba mabegani, naye Ami akamwita kaka, na hakuwahi kuona haja ya kuuliza. Yule mpwa alikuwa amekwishashika kalamu tena, lakini alingoja. Nadhani Ami angesema aandike, angeandika. Ami hakusema aandike wala asiandike. Alisema atalifikiri, na sote tukajua maana yake, maana ushahidi ulikuwa umesomwa mbele ya watu wanne na Mungu wa tano.

Baba akainuka, akavaa makubadhi yake.

"Haya, Bwana," akasema.

Miaka arubaini alikuwa akimwita Ami. Mzee alishtuka.

Njia nzima mpaka darajani Baba alitangulia, mimi nyuma. Nilitaka aniseme. Nilimwomba Mungu aniseme. Alichosema, tulipofika katikati ya daraja, ni kwamba nishike bahasha vizuri, upepo mkali.

Bibi hakuhitaji kuambiwa. Alifungua bweta, akaona patupu chini, akakaa. Niliangua kilio nikamwambia nilidhani ni aibu tu ya zamani. Akaniuliza nani kanifundisha kwamba aibu za zamani zimekufa. Baadaye, akiwa ameshalala na mimi namkanda magoti, akanieleza lililobaki. Babu mwenyewe hakuwahi kusema kwamba ni mwana wa bwana. Watu walisema, bwana alipokufa na Babu akaachiwa nyumba ile, naye akanyamaza. Alinyamaza mwaka mmoja, miwili, akaoa, akazaa, na kunyamaza kukawa nasaba. Akaihifadhi karatasi kwa sababu mtu aliyeachwa huru haachi kitu kile kimtoke mkononi, hata akizeeka, hata hakuna wa kumdai.

"Na lile bin kwenye orodha, aliliandika yeye?" nikauliza.

"Siku za mwisho," akasema Bibi. "Alisema, acha nipumzike."

Habari ilifika shambani kabla ya Ijumaa. Asubuhi moja nilipokwenda bombani, mama mmoja wa nyumba za wakaaji, jirani yetu wa siku zote, alisogeza ndoo yake akawaambia wenzake, "Wapisheni, wapisheni, kizazi cha bwana kimekuja kuteka." Wakacheka. Halikuwa kosa lao, walikuwa wametupisha miaka mingi. Nilisimama nyuma ya foleni mpaka jua likapanda, nikachelewa shule, na mwalimu aliponiuliza kwa nini nimechelewa nikatazama kiatu.

Barua ikaja masika yalipokwisha. Ilikuwa ya adabu. Ilisema tuliokaa kwa ridhaa tujitayarishe kuhama, sehemu yetu imekodishwa. Ilisema makaburi yatabaki, yatazungushiwa waya kwa ajili ya kizazi.

Tukahamia Changamwe, vyumba viwili vya kupanga katika nyumba ya watu sita, karibu na reli. Majirani ni watu wa bara, wafanyakazi wa bandarini na viwandani, na hawakututendea ila wema. Watuuliza kwetu ni wapi. Wao kila mmoja ana pa kutaja, mlima au mto. Mama husema Kisauni, na akiulizwa kabla ya Kisauni, husema chungu kinaungua, huenda jikoni.

Siku ya bendera ya uhuru majirani walikuja kutugongea twende tukaimbe. Baba alikwenda, akarudi mapema, kibendera cha karatasi mkononi, akampa Bibi. Bibi alikigeuza upande huu na huu akakitia ndani ya bweta. Alikuwa hatoki tena. Ijumaa zote aliuliza nani leo amefagia kule.

Alikufa kabla ya Shaabani. Baba alivuka mpaka Mji wa Kale asubuhi ile ile, maiti ikiwa ndani, kuomba ile nafasi ya mtu mmoja. Ami alikuwa hajiwezi, kitandani. Yule mpwa alimpokea vizuri, akampa mkono wa tanzia, akasema moyo wake wataka lakini daftari limekwishafungwa, na akifungua kwa mmoja itambidi afungue kwa nyumba zote. Baba alirudi, hakutueleza, aliwaambia tu wachimbaji waende makaburi ya Changamwe. Nimesikia kwamba waya umepita juu ya mawe yake meupe. Sijakwenda kuona.

Tulisoma khitma hapa, kwenye ukumbi wa kupanga, majirani wakipita kwa kunyata. Orodha niliiandika upya peke yangu, hakuna aliyeniamuru. Nililifuta bin la Babu. Yale majina ya juu yote niliyaacha nje, hayakuwa yetu. Yakabaki matatu: Bibi binti wa baba yake, Babu bila baba, na lile jina moja la kitu. Mwalimu, mgeni wa mtaa huu, aliyasoma kwa pumzi moja, akageuza karatasi atazame nyuma.

"Wengine?" akauliza.

Baba akamwambia aombe dua.

Mimi sasa niko kidato cha nne, na wanasema mwandiko wangu umezidi kuwa mzuri. Wiki iliyopita Baba alihitaji kuandika barua kwa mnunuzi wa mbata, kuomba abadilishiwe siku za kazi. Nilikuwa nimekaa pale pale, mezani, kalamu mkononi. Alivaa kofia yake akatoka. Barua yake alimpelekea mwandishi wa barua anayekaa na mashini yake nje ya posta.